Atomu ikikaa karibu na kioo inajuaje kama kuna kioo? Mwanafunzi kanibana, naomba msaada

Mwl_Ipagala
Ijumaa, saa 3:10 usiku

Mbukwenyi wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Dodoma mjini. Jana nilikuwa kwenye topiki ya atomu, nikachora ngazi za nishati ubaoni kama kawaida, nikawaambia elektroni ikipandishwa ngazi ya juu haikai huko, hapo tunasema atomu imesisimka, baada ya muda inashuka yenyewe na kutoa fotoni (chembe moja ya mwanga), na ule muda wake wa wastani ni tabia ya atomu yenyewe kama ulivyo uzito wake. Nikawapa mfano sodiamu, ile ya taa za njano, kama nanosekunde 16 (sekunde moja ina nanosekunde bilioni), na haidrojeni ikishuka toka ngazi ya pili kama nanosekunde 1.6. Nikaona nimemaliza.

Binti mmoja wa dawati la nyuma, huwa haongei kabisa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na hiyo atomu ikiwa karibu sana na kioo, muda ni uleule?"

Nikamjibu palepale kwamba kioo kinaakisi mwanga ukishatoka, atomu haihusiki. Akakaa ila nilimwona hajaridhika, na mimi mwenyewe nimerudi nyumbani linanikereketa. Leo nimeshinda natafuta kwenye simu nakuta wanasema muda unabadilika kweli, unaweza kurefuka au kufupika kutegemea umbali wa atomu na kioo. Sasa hapo ndo nimekwama. Fotoni bado haijatoka, kioo hakijaguswa na chochote, atomu inajuaje kwamba pembeni kuna kioo? Naomba mnieleze kwa lugha ya kueleweka, Jumatatu nina kipindi nao na sitaki kusimama mbele ya yule mtoto na jibu la uongo kwa mara ya pili.

---

Mtoto_wa_Kizota
Ijumaa, saa 3:42 usiku

Mwalimu mi naona ulimjibu sawa tu. Sisi tumekulia Bahi huko, nyumbani usiku tulikuwa tunaweka kibatari mbele ya kipande cha bati jipya chumba kinang'aa hadi unasoma vizuri, lakini mafuta hayakuwahi kuisha haraka eti kwa sababu ya bati. Bati linarudisha mwanga basi, kibatari hakina habari na bati. Atomu itakuwa hivyohivyo, wanachoona hao ni mwanga mwingi zaidi wakadhani atomu imebadilika.

---

Mrangi_wa_Kolo
Ijumaa, saa 4:30 usiku

Mwalimu, huyo binti mtunzeni, swali lake limewahi kuwapa watu kazi ya miaka mingi. Mimi nimesoma fizikia ya mata, masta nilifanya kwenye mambo ya mwanga, kwa hiyo ngoja nijaribu, na naanza na kaka wa Kizota maana hoja yake ndiyo inayopaswa kujibiwa kwanza.

Kaka, kwa kibatari uko sahihi kabisa. Bati likiwa sentimita 10 nyuma ya moto, hizo sentimita 10 ni kama mara laki mbili ya urefu wa wimbi la mwanga, na zile chembe za masizi zinazong'aa ndani ya moto ziko kila mahali, nyingine mbele kidogo nyingine nyuma, athari zote zinafutana. Halafu mafuta yanaliwa na moto, hayaliwi na mwanga. Kwa hiyo bati halina neno. Ila mambo yanageuka ukiwa na atomu iliyokaa umbali unaolingana na urefu wa wimbi lenyewe, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita na kushuka, na umbali huo uujue vizuri.

Hoja yako ya pili, kwamba labda wanaona tu mwanga mwingi, hiyo ni nzuri sana na ndo maana kipimo kilichomaliza ubishi hakikuwa cha mwanga mwingi au mchache. Kilikuwa cha MUDA. Mwangaza unadanganya, kioo kinaweza kuukusanya kwenye jicho lako. Muda haudanganyi hivyo. Ukizisisimua molekuli kwa mmweko mmoja mfupi halafu ukahesabu mwanga unavyofifia, kama kioo kinarudisha tu mwanga basi mstari wa grafu utakuwa juu zaidi au chini zaidi lakini kasi ya kufifia itakuwa ileile. Wao walikuta kasi yenyewe imebadilika.

Aliyefanya hiyo kazi ni Karl-Heinz Drexhage, huko Marburg Ujerumani kwenye maabara ya Hans Kuhn, mwishoni mwa miaka ya 1960. Naomba nikae hapa kidogo maana jinsi alivyopima umbali ni kitu cha kupendeza mno. Utawekaje molekuli nanomita 50 (milimita moja ina nanomita milioni) kutoka kwenye kioo, halafu nyingine nanomita 100, bila rula ya kupima hivyo? Alitumia mafuta. Kuna asidi ya mafuta inaitwa arakidi, jina lake limetokana na karanga kwa sababu imo kidogo kwenye mafuta ya karanga (watu wa Kongwa mnaojua historia ya karanga mtaipenda hii). Ukiimwaga kidogo sana juu ya maji safi yaliyotulia, molekuli zake zinasimama wima, kichwa kwenye maji mkia hewani, zinajipanga unene wa molekuli moja. Unazisogeza taratibu kwa kibao mpaka zibanane. Halafu unachukua kioo kilichopakwa fedha unakizamisha na kukitoa polepole, kila kinapopita juu ya maji kinabeba tabaka moja. Tabaka moja unene wake ni kama nanomita 2.6. Unataka nanomita 26? Zamisha na kutoa mpaka tabaka kumi. Unahesabu kama mtu anayepanga matofali. Juu kabisa unalaza tabaka moja la molekuli zenye metali ya yuropiamu, hizi zinatoa mwanga mwekundu wa nanomita 612 na zinafifia taratibu, mamia ya maikrosekunde, kwa hiyo hata vyombo vya wakati ule viliweza kuzifuata.

Akapima, akaongeza tabaka, akapima, akaongeza tabaka. Muda ukawa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama mawimbi, na kila ukiongeza kama nanomita mia mbili hivi (yaani matabaka sabini na kitu) unarudia pale pale. Hizo mia mbili si namba ya bahati. Mwanga wa 612 ukiwa ndani ya yale mafuta unafupika kwa kama moja na nusu unakuwa kama 408, na nusu yake ni 204. Kwenda na kurudi kwenye kioo. Yaani muda wa atomu kukaa imesisimka ulikuwa unahesabu nusu-wimbi hadi kwenye kioo.

Na ukikaribia sana, chini ya nanomita 10 au 20 hivi, muda unaporomoka kabisa na mwanga nao unapotea. Hiyo ni habari nyingine nitaieleza nikipata nafasi, sasa hivi mtoto analia.

---

Mwl_Ipagala
Ijumaa, saa 4:51 usiku

Dada Mrangi asante sana, hilo la kuhesabu matabaka nitalichora ubaoni kama lilivyo. Lakini umenipeleka ndani zaidi ya shimo, maana sasa nimekubali kwamba inabadilika, na swali langu la kwanza linazidi kuuma. INAJUAJE? Fotoni haijaenda ikarudi.

---

Mzee_RedioKol
Jumamosi, saa 12:20 asubuhi

Salaam wote. Mimi ni mstaafu, nipo Mpwapwa, atomu sizijui sana ila waya nimeufanyia kazi zaidi ya miaka thelathini na nikisoma hayo ya huyu binti Mrangi naona kama anaelezea kazi yangu. Naomba niseme la kwangu, wataalamu watanisahihisha.

Nilikuwa fundi wa redio kol, zile redio za masafa marefu walizokuwa wanatumia zahanati na ofisi za vijijini kabla ya simu, nimezifunga toka huku Mpwapwa hadi Manyoni. Kuna kituo kimoja waliniita wanalalamika kwamba wao wanawasikia watu wote ila wao hawasikiki. Redio nikaifungua, nzima. Betri nzima. Nikatoka nje kuangalia antena, nikakuta waya wao wa mita 30 wameutundika kwenye miti miwili ya miiba, kimo cha mtu kuinua mkono akaugusa. Masafa yao yalikuwa megahezi 5, wimbi lake ni mita 60, kwa hiyo waya ulikuwa na urefu sahihi kabisa, nusu ya wimbi. Kosa lilikuwa ardhi. Waya ulikuwa umelala karibu na ardhi kama mita 2.

Nikachomeka mita kwenye waya kabla sijagusa kitu. Sasa mwalimu sikiliza hapa ndipo penye jibu lako. Waya wa nusu wimbi ukiwa peke yake angani, mbali na kila kitu, redio inauona kama mzigo wa omu 73 hivi. Hiyo 73 siyo shaba ya waya, shaba yenyewe haifiki hata omu mbili tatu, hiyo ni nguvu inayoondoka kwenda angani, redio inaisikia kama mzigo. Ukiushusha waya karibu na ardhi mzigo huo unabadilika. Ukiwa juu kama theluthi ya wimbi unapanda hadi tisini na kitu. Ukishuka chini unapungua, na kama ardhi ingekuwa bati tupu, ukiulaza karibu kabisa mzigo ungeelekea sifuri, maana yake waya unakataa kutoa wimbi hata uusukume vipi. MITA IKO KWENYE REDIO, haiko kule kwa msikilizaji. Redio yenyewe inahisi kuna ardhi.

Na inahisije? Umeme ukitikisika kwenye waya unatoa wimbi, wimbi linagonga ardhi linarudi linapita kwenye waya uleule, linakuta zile elektroni bado zinatikisika. Likirudi linakwenda nazo pamoja linazisaidia, redio inasikia mzigo mdogo na nguvu kidogo inaondoka, likirudi kinyume linazipinga, mzigo unapanda na nguvu nyingi zaidi inaondoka. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea, ukisukuma anapoondoka anaenda juu, ukisukuma anapokuja unamsimamisha. Waya haujui kuna ardhi, unakutana na wimbi lake mwenyewe lililorudi.

Tuliutoa ule waya kwenye miiba tukautundika kati ya mibuyu miwili, vijana walipanda na kamba, tukafika kama mita 14. Jioni ile wakaita Dar wakajibiwa mara ya kwanza.

Jambo moja la mwisho. Kule chini mita yangu haikusoma karibu na sifuri kama vitabu vinavyosema, ilisoma juu zaidi. Ni kwa sababu ardhi yetu siyo bati, ni udongo, unakula wimbi unaligeuza joto. Redio ilikuwa inatoa nguvu kweli, ila ilikuwa inapasha moto udongo.

---

Mwl_Ipagala
Jumamosi, saa 1:05 asubuhi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo atomu ni antena ndogo, na kioo ni ardhi yake?

---

Mzee_RedioKol
Jumamosi, saa 1:30 asubuhi

Marahaba mwanangu. Mimi nasema kwa waya. Kwa atomu amalizie binti yetu Mrangi.

---

Mrangi_wa_Kolo
Jumamosi, saa 5:15 asubuhi

Shikamoo mzee, umeeleza kuliko mwalimu wangu wa masta, nasema kutoka moyoni. Na ule mstari wako wa omu unaopanda na kushuka kadiri waya unavyoinuka, mstari wa Drexhage ni huohuo, hesabu ni zilezile, tofauti ni kwamba wewe una mita 60 yeye ana nanomita 612. Hata lile la udongo kula wimbi. Nilisema molekuli ikikaribia fedha sana muda unaporomoka na mwanga unapotea, ndiyo hiyohiyo, nishati inaingia kwenye elektroni za metali inakuwa joto, haitoki nje kabisa. Atomu imeshuka ngazi haraka sana lakini hakuna fotoni uliyoiona. Kwa hiyo mwalimu waambie wanafunzi kushuka haraka na kung'aa zaidi si kitu kimoja, hapo watu wengi wanajichanganya.

Kuna suala la mkao pia. Chukua kioo kikamilifu cha kufikirika, kisichokula nishati hata kidogo kama ile fedha. Chaji chanya ikiwa mbele yake, taswira yake ndani ya kioo inakuwa hasi. Sasa atomu inayotikisika sambamba na kioo, kulia kushoto, taswira yake inatikisika kinyume, wakikaribiana wanafutana na atomu inashindwa kutoa mwanga, muda unarefuka bila kikomo. Inayotikisika wima, kuelekea kioo na kurudi, taswira yake inakwenda nayo pamoja, wakikaribiana kasi ya kutoa inakuwa mara mbili ya kawaida. Kioo kilekile, umbali uleule, mmoja amenyamazishwa mwingine ameongezewa sauti.

Sasa kwenye "inajuaje". Kwa atomu kuna namna mbili za kusema na zote zinatoa namba ileile. Moja ni ya mzee, wimbi la atomu yenyewe linarudi na kuikuta bado haijamaliza kushuka. Usifikirie fotoni kama risasi inayochomoka ghafla ikiwa nzima, kushuka kunachukua muda, nanosekunde kadhaa, na ndani ya nanosekunde moja mwanga unatembea sentimita 30. Kioo kikiwa nanomita 100 pembeni, wimbi limeshaenda na kurudi mara nyingi mno kabla atomu haijamaliza jambo lake.

Namna ya pili ni kuangalia njia. Atomu haitoi mwanga hivihivi, inautoa kwenye wimbi ambalo nafasi iliyoizunguka inaliruhusu. Nafasi tupu inaruhusu mawimbi ya kila upande, na ile namba ya Einstein ya 1916 na 1917, ya kasi ya atomu kushuka yenyewe, tunayowafundisha watoto kama tabia ya atomu, ndani yake kuna hesabu ya mawimbi mangapi nafasi tupu inaruhusu. Ukiweka kioo umebadilisha hayo mawimbi. Mengine umeyafuta mengine umeyakuza. Kwa hiyo zile nanosekunde 16 za sodiamu ni za sodiamu NA nafasi iliyoizunguka, siku zote ilikuwa hivyo, hatukuona kwa sababu nafasi tunaiacha tupu.

Ushahidi mkali wa hilo ulifanywa chuo cha MIT Marekani. Daniel Kleppner aliandika mwaka 1981 kwamba ukibana atomu kati ya sahani mbili za metali zilizokaribiana chini ya nusu wimbi, wimbi lenye mtikiso sambamba na sahani halina pa kukaa, atomu itabaki imesisimka. Mwaka 1985 yeye na Hulet na Hilfer wakapitisha atomu za sesiamu zilizopandishwa ngazi ya juu sana, wimbi lake karibu milimita 0.45, kati ya sahani zilizoachana kama milimita 0.23. Halafu wakaweka volti kwenye sahani kuusogeza ule urefu wa wimbi kidogokidogo. Wimbi lilipovuka mara mbili ya nafasi ya sahani, kutoa mwanga kukakatika, muda ukarefuka angalau mara 20. Atomu ileile.

---

Mtoto_wa_Kizota
Jumamosi, saa 6:40 mchana

Nimekubali na nawashukuru, kumbe nilikuwa nawaza kibatari tu. Dada kuna jambo moja hapo, mzee anasema wimbi linarudi linakuta atomu bado haijamaliza. Je kioo kikiwa mbali, sio nanomita, hata hatua moja, bado inahisi?

---

Mrangi_wa_Kolo
Jumamosi, saa 7:02 mchana

Inahisi kama utaweza kulirudisha wimbi lote palepale lilipotoka. Tatizo la kuwa mbali ni kwamba mwanga unasambaa, kinachorudi kwenye atomu ni kidogo kuliko chembe. Mwaka 2001 huko Innsbruck, Austria, walishika ioni (atomu iliyopungukiwa elektroni) moja tu ya bariamu kwa uga wa umeme ikakaa imetulia, wakakusanya mwanga wake kwa lenzi, wakauelekeza kwenye kioo kilicho sentimita 25 na kuurudisha kwenye ioni ileile. Wakasogeza kioo kwa sehemu ndogo za maikromita, na kasi ya ioni kutoa mwanga ikawa inapanda na kushuka kidogo tu, ila ilionekana. Kwenda na kurudi sentimita 50 ni nanosekunde 1.7. Bariamu inakaa imesisimka kama nanosekunde 8. Kwa hiyo wimbi linarudi ioni ikiwa bado katikati ya kazi. Mwalimu hiyo itamjibu binti yako moja kwa moja.

---

FundiSimu_Majengo
Jumamosi, saa 8:15 mchana

Samahanini wakuu nimepita tu ila nimevutiwa. Hii ina faida gani huku kwetu kwenye vitu vya kawaida?

---

Mrangi_wa_Kolo
Jumamosi, saa 8:33 mchana

Fundi, wewe unaishika kila siku. Disprei za OLED unazobadilisha hapo dukani, zile molekuli zinazotoa mwanga ziko kwenye matabaka ambayo yote kwa pamoja ni kama nanomita mia moja na kitu, na nyuma yake kuna tabaka la metali linaloleta umeme. Wakiziweka karibu mno na metali nishati inaliwa, kama udongo wa mzee. Wakiziweka umbali ambao wimbi linarudi vibaya, mwanga unapungua. Kwa hiyo wanapanga unene wa yale matabaka kwa nanomita. Kingine, kioo cha kawaida hiki kisicho na fedha nacho kinahusika, molekuli iliyolala juu ya kioo inatupa mwanga mwingi ndani ya kioo kuliko hewani, na mwingi wa huo unanasa humo hautoki.

Na aliyeanzisha wazo zima hakuwa anawaza mwanga hata kidogo. Edward Purcell, mwaka 1946, tangazo fupi tu la aya moja. Alikuwa anafanya kazi na viini vya atomu kwenye masafa ya redio (mzee furahi). Alihesabu kwamba kiini kwenye megahezi 10 kikiachwa peke yake kishuke ngazi chenyewe kitachukua sekunde 5 zenye sifuri 21 nyuma yake. Ulimwengu wote una umri wa sekunde kama 4 zenye sifuri 17. Yaani kisingeshuka kamwe. Lakini ukichanganya humo chembechembe za metali za ukubwa wa sehemu moja ya elfu ya sentimita, alisema, inakuwa suala la dakika. Toka zaidi ya umri wa ulimwengu mara elfu kumi hadi dakika, kwa sababu ya kilicho pembeni.

---

Mtoto_wa_Kizota
Jumamosi, saa 8:50 mchana

Kuna zile nyota za plastiki za watoto zinazong'aa gizani. Mwalimu si anaweza kubandika moja kwenye kioo na nyingine ukutani aone ipi inawahi kuzima?

---

Mrangi_wa_Kolo
Jumamosi, saa 9:10 alasiri

Wazo zuri ila hazitaonyesha kitu, asipoteze kipindi. Kwenye zile nyota kinachochelewesha ni kwamba elektroni zimenaswa pembeni ndani ya ule unga na joto ndilo linalozikwamua mojamoja kwa dakika nyingi. Ikishakwamuka kutoa mwanga ni haraka. Foleni iko kwenye kukwamuka, kioo hakigusi foleni. Halafu plastiki yenyewe ni nene mara maelfu ya wimbi, tunarudi kwenye kibatari chako.

Mwalimu, nyie maabara mna tyuningi foku? Zile uma za chuma za sauti. Igonge kwenye goti, ishike mkononi, pima inalia sekunde ngapi ukiwa umeisogeza sikioni. Igonge tena kwa nguvu ileile, safari hii kitako chake kiegemeze kwenye meza ya mbao. Ya tatu, gusisha sifongo ya godoro kwenye ncha zake. Ukiwa na ilimba ya Kigogo ni nzuri zaidi, ulimi wa chuma ukiwa kwenye boksi lake unalia chumba kizima, ukiubana kwenye jiwe zito hausikiki. Si atomu, ila ni jambo lilelile, kitu kinachotikisika na kilicho pembeni kinachoamua nishati itoke haraka au taratibu, na itoke wapi.

---

Mwl_Ipagala
Jumatatu, saa 10:25 alasiri

Wakuu nimerudi. Kipindi kilikuwa saa nne asubuhi. Kwanza nilimwomba radhi yule binti mbele ya wenzake, nikamwambia nilimjibu vibaya. Halafu nikampa yeye foku na mwenzake nikampa simu yangu ahesabu muda.

Mkononi, sikioni kabisa, sekunde 41. Kitako mezani, darasa zima la watu hamsini na mbili wakasikia, ikaisha sekunde 9. Wakarudia mara nne, mezani haikuwahi kuvuka 11. Sifongo kwenye ncha, haikufika sekunde mbili na hakuna aliyesikia chochote, binti akaandika kwenye daftari lake pembeni ya hiyo namba "udongo wa mzee", maana nilikuwa nimewasimulia ya redio kol na mibuyu.

Kisha nikachora matabaka ya Drexhage ubaoni nikaacha nafasi, nikawauliza muda utarudia baada ya matabaka mangapi kama wimbi ni 612 na mafuta yanalifupisha kwa moja na nusu. Watatu walipata 78. Yeye alipata 78 pia halafu akanyoosha mkono tena, anauliza kama vioo ni viwili na vinatazamana, na atomu mbili ziko katikati, je moja inaijua nyenzake.

Dada Mrangi, nakuomba, nina hadi Alhamisi.

---

Mrangi_wa_Kolo
Jumatatu, saa 2:40 usiku

Inaijua. Nipe hadi kesho usiku nikuandikie vizuri, na uniambie jina la kombi yake, huyo namtafutia vitabu.